Samaki wa nyuma ya nyumba: walinde na ndege kabla hujawatia majini

Katika maswali ninayoletewa na wasomaji wanaofuga samaki majumbani, moja hurudi kila msimu: "Nilitia vifaranga mia nne na nusu, mbona nimevua mia mbili tu?" Anayeuliza huwa ashamjua mwizi wake. Ni yule ndege mweusi-mweupe anayetua juu ya kamba ya kuanikia nguo asubuhi. Na baada ya swali hufuata ombi: nimtajie dawa ya kumuua.

Dawa siitaji, na sababu nitazieleza mbele. Ninachoweza kueleza ni namna ya kuwalinda samaki wako bila kuua kitu. Samaki wa kidimbwi huokolewa na jinsi kidimbwi kilivyojengwa na kufunikwa. Ukiua mdiria mmoja leo, wiki ijayo atakuja mwingine kutoka mtoni au kwenye mikoko, maana chakula kiko pale pale na mlango uko wazi.

Hasara yenyewe ni kiasi gani

Sisi watu wa pwani tumezoea samaki wa bahari, na wapo bado wanaomdharau tilapia kuwa ananuka tope. Lakini kusi inapovuma, kuanzia mwezi wa nne, bahari huchafuka, vyombo vidogo hushindwa kutoka, na samaki sokoni hupanda bei. Hapo ndipo kidimbwi cha nyuma ya nyumba kinapopata maana. Mama anavua wanne wa mchuzi, watoto wanakula, na pesa za soko zinalipia kitu kingine.

Tufanye hesabu ya kidimbwi kidogo, mita 10 kwa 15. Hizo ni mita 150 za mraba. Ukitia vifaranga watatu kwa kila mita, unatia 450. Sasa tuseme mdiria mmoja anachukua vifaranga watano kwa siku. Kwa siku 30 ni 150, yaani thuluthi ya mali yako, na yote hayo ni kabla samaki hawajafikia hata urefu wa kidole. Lau wale 150 wangeishi wakafika robo kilo kila mmoja, wangekuwa kilo 37 na nusu. Kwa familia inayokula samaki mara mbili kwa wiki, hicho si kiasi cha kupuuza.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili ndio wa hatari kubwa. Samaki akishafika gramu mia moja na zaidi, mdiria hamwezi tena, na maadui hubaki wachache wenye miili mikubwa.

Kwanza hakikisha mwizi ni ndege

Kabla ya kununua wavu, chunguza. Ndege hulaumiwa kwa wizi wa wengine. Kenge huingia majini, na huku kwetu wako tele. Walio karibu na Tana au Sabaki wana fisi maji. Kambale hulana wenyewe kwa wenyewe wakiwa hawalingani ukubwa, na ukimchanganya kambale mkubwa na vifaranga vya tilapia, umempa karamu. Mvua za masika zikijaza kidimbwi hadi kikafurika, samaki huondoka kwa miguu yao, kama wasemavyo wazee. Na yupo mwizi wa miguu miwili asiye na mbawa.

Dalili za ndege ni hizi: vinyesi vyeupe ukingoni na juu ya vijiti vilivyo karibu, nyayo za vidole vyembamba kwenye tope, na samaki wenye majeraha ya kuchomwa mgongoni au mikwaruzo ubavuni. Kenge huacha mburuzo wa mkia, na fisi maji huacha mabaki ya vichwa na magamba. Keti kimya mahali palipojificha kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha tena saa kumi hadi magharibi. Siku mbili za kukaa hivyo zitakufundisha mengi.

Wajue kwa namna wanavyovua

Kila ndege ana mtindo wake, na kinga inayomzuia mmoja haimzuii mwingine.

Mdiria hutazama kutoka juu. Huketi kwenye kamba, tawi au ukuta, au huganda hewani akipiga mbawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele. Hajali kina wala ukingo. Yule mweusi-mweupe ndiye mkubwa wa tabia hiyo, na wapo wadogo wenye rangi za buluu wanaochukua vifaranga vidogo zaidi.

Kulastara na yangeyange huvua kwa miguu. Husimama kwenye maji machache ukingoni bila kutikisika, wakimngoja samaki asogee. Kulastara anaweza kumeza samaki wa kiganja kizima. Fundichuma naye huja kwa miguu, akitafuta vyura na samaki wadogo kwenye tope.

Mnandi huogelea na kupiga mbizi. Huyu ndiye wa kuogopwa zaidi kwenye vidimbwi vikubwa vilivyo karibu na mito na mabwawa, kwa sababu humfukuza samaki chini ya maji. Wakija kundi, kazi yao ya asubuhi moja huonekana.

Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, na mwewe, huchukua samaki walio juu ya maji. Kwenye vidimbwi vya nyumbani si wateja wa kila siku, lakini samaki aliyelegea hawamwachi.

Kunguru, ambaye Mombasa wengi wetu twamwita kurabu, si mvuvi hodari. Huchukua chakula cha samaki, samaki waliokufa na wale wanaohema ukingoni. Tena huiba kelele zako zote: ukimfukuza asubuhi, mchana yuko nawe.

Zaidi ya kula, ndege wa majini huleta maradhi. Wako minyoo ambao maisha yao huzunguka kati ya ndege kama kulastara, konokono wa majini na samaki. Kinyesi cha ndege huangusha mayai majini, mnyoo hukua ndani ya konokono, kisha huingia kwenye nyama ya samaki na kuonekana kama punje za manjano au madoa meusi. Samaki wa namna hiyo hana mnunuzi. Kwa hiyo kumzuia ndege asitue, na kung'oa majani ya ukingoni wanapokaa konokono, ni kazi moja.

Kinga ya kwanza: wavu

Hakuna kinga inayoushinda wavu uliofungwa vizuri. Serikali ilipochimba vidimbwi katika mpango wa kuchangamsha uchumi ulioanza 2009, kipimo kilikuwa mita 300 za mraba, na kufunika kidimbwi cha ukubwa huo ni kazi na gharama. Vidimbwi vyetu vya nyuma ya nyumba ni vidogo, na hiyo ni bahati: vinafunikika.

Mambo ya kuzingatia ni haya.

Matundu. Kama una vifaranga, matundu yawe ya inchi moja hadi moja na nusu. Makubwa zaidi ya hapo humzuia kulastara lakini mdiria hupenya.

Uzi. Tumia wavu wa uzi mnene uliosokotwa, wenye rangi inayoonekana. Epuka kabisa zile nyavu za uzi mmoja mwembamba wa plastiki unaong'aa. Ndege hauoni, hunasa, huvunjika mbawa na kufia juu ya maji yako. Ukipata wavu mkuukuu wa uvuvi kwa bei nafuu, uangalie kwanza una uzi gani, kisha uziba matundu yaliyotoboka.

Urefu. Wavu uwe juu ya maji kwa mita moja hadi moja na nusu, umekazwa kama ngozi ya ngoma. Wavu uliolegea hugusa maji, na ndege mzito hukaa juu yake akadonoa samaki kupitia matundu.

Nguzo. Zisimamishe kila mita tatu au nne. Miti ya mvinje inatosha na inapatikana. Usikate mikoko kwa kazi hii, maana mikoko ndiyo nyumba ya ndege hao hao na ya samaki wa bahari pia. Mvinje ukiupaka oili chafu chini utadumu zaidi, lakini sehemu hiyo isiguse maji ya kidimbwi.

Pande. Ushushe wavu hadi chini na uuzike au uukandamize kwa mawe. Watu wengi hufunika juu wakaacha pembeni wazi, na kulastara huingia kwa miguu kama mgeni aliyealikwa. Kwa upande wa chini, nusu mita ya bati au wavu wa kuku itamzuia kenge.

Mlango. Acha sehemu moja inayofunguka kwa kulishia na kuvulia, na ifungike kweli.

Hewa yetu ina chumvi, na waya wa kawaida hula kutu upesi. Funga kwa kamba ya nailoni. Jua nalo huuchosha wavu, kwa hiyo ukague kila mwezi na uurekebishe kabla tundu halijawa mlango.

Pitia wavu kila asubuhi. Ukimkuta ndege amenasa, mfunike kichwa kwa kitambaa au leso kuukuu ili atulie, shika mdomo wake mbali na macho yako, hasa kulastara, kisha kata nyuzi kwa mkasi mdogo. Mwachie mahali pa wazi aende zake.

Asiye na uwezo wa wavu wote

Kuna watu ambao wavu wa kidimbwi kizima haumo katika uwezo wao mwaka huu. Kwao nina njia nne, na zikiunganishwa hupunguza hasara sana.

Ya kwanza ni kizimba cha vifaranga. Shona wavu mwembamba kama wa chandarua uwe mfano wa sanduku, mita mbili kwa tatu, uutundike ndani ya kidimbwi kwa vijiti vinne na uufunike juu. Vifaranga wakae humo wiki sita hadi nane, mpaka wawe na uzito wa gramu 20 na zaidi, ndipo uwaachie. Unalinda mita sita badala ya 150, na ni katika ule wakati wa hatari kubwa. Usufishe wavu huo kila wiki kwa brashi, la sivyo matundu yataziba kwa ukoga na maji hayatazunguka.

Ya pili ni ukingo. Ndege wa miguu anahitaji maji machache ya kusimama. Ukingo ukishuka kwa mkato, maji yakawa na kina cha sentimita 60 au zaidi pale pale pembeni, hana pa kukanyagia. Kina cha katikati kiwe mita moja au zaidi, ili samaki wapate pa kukimbilia. Hili ni la kufikiriwa wakati wa kuchimba, maana kurekebisha ukingo baadaye ni kazi ya kumwaga maji yote.

Ya tatu ni mishipi. Pitisha mishipi minene ya kuvulia juu ya maji kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, kila sentimita 30, na mingine ikikatiza. Funga vitambaa vyeupe juu yake ili ndege aione. Mnandi na kulastara hawapendi kushuka wasipokuwa na nafasi ya kukunjua mbawa. Mdiria mdogo hatajali, kwa hiyo njia hii ifuate kizimba, isije badala yake.

Ya nne ni maficho. Tupa majini mashina ya mabomba ya plastiki, vigae, au makuti yaliyofungwa mawe. Samaki wadogo hujificha humo. Makuti yakianza kuoza yatoe, maana uozo hula hewa ya maji.

Tena ondoa vituo vya kutazamia. Kamba ya nguo, waya na tawi kavu juu ya kidimbwi ni kiti cha mdiria. Vihamishe au vikate.

Samaki anayehema ni samaki aliyeuzwa

Jambo moja ambalo wafugaji wengi hawaliunganishi na ndege ni hewa ya maji. Usiku mimea midogo ya kidimbwi huacha kutoa oksijeni na badala yake huitumia. Kufikia alfajiri hewa huwa chache kuliko wakati wowote. Kidimbwi kilichotiwa samadi kupita kiasi, au chenye chakula kilichooza chini, huwaleta samaki juu wakifungua midomo. Hapo hata kunguru huvua.

Maji ya kijani kibichi yana faida: hulisha samaki na huwaficha wasionekane kutoka juu. Kipimo ni mkono wako. Utumbukize ukiwa umenyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, rangi ni nzuri. Kikipotea mapema zaidi, acha samadi, punguza chakula na uongeze maji mapya.

Lisha wakati upo hapo. Chakula kinachoelea huwavuta samaki wote juu, na ndege hujifunza saa zako haraka kuliko watoto wa madrasa wanavyojifunza saa ya kutoka. Lisha kidogo kidogo jua likiwa limepanda, kisha alasiri, usimame hadi wamalize. Kilichobaki juu ya maji baada ya robo saa ni ziada.

Vitisho vina mwisho

Sanamu iliyovishwa kanzu, sidi zinazong'aa, mikanda ya kaseti inayovuma kwa upepo, makopo yanayogongana: vyote hufanya kazi kwa siku chache. Ndege akishaona kwamba havimdhuru, hutua juu yake. Ukivitumia, vibadilishe mahali kila siku mbili, tatu, na uvitumie pale tu vifaranga wanapoingia majini. Visiwe ndiyo kinga yako yote.

Kwa nini sitaji sumu

Kwanza, afya. Miji na vijiji vyetu vingi vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vyetu havina kina kirefu. Kinachomwagwa juu hushuka upesi na kusafiri chini ya uwanja wa jirani. Ndege aliyekula chambo cha sumu hafi pale pale. Huenda akafia kwenye tangi la maji, akaliwa na kuku au paka, au akaokotwa na mtoto. Kule mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa nchi, dawa ya wadudu aina ya Furadan iliwahi kutumiwa kutegea ndege wa majini, na ndege hao wakauzwa wakaliwa na watu. Hatutaki hilo lifike kwetu.

Pili, sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kuua ndege wa porini ovyo bila kibali. Wala usingoje fidia: orodha ya wanyama wanaolipiwa ina ndovu, simba, chui, fisi na mamba, si mdiria wala kulastara. Kunguru wa Bara Hindi ana habari yake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaenea pwani nzima, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa wingi. Lakini kazi hiyo ina watu wake wenye idhini na dawa yake maalumu. Si ruhusa ya kila mtu kutega chambo uani.

Tatu, dini. Mimi si mwanachuoni, na masheikh wetu wapo wa kuulizwa. Ila twajua sote kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Na imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba kile anachopanda Muislamu kikaliwa na mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Wapo wanaoitumia habari hiyo kuacha kidimbwi wazi, wakisema riziki ni ya Mungu. Hao nawakumbusha yule bwana aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Mali ya watoto ni amana. Funga wavu, na yule samaki mmoja mmoja atakayekupita licha ya wavu, ndiye wa kumtakia sadaka.

Na watoto je?

Wavu na uzio wa kidimbwi una kazi nyingine kubwa kuliko samaki. Maji ya mita moja nyuma ya nyumba yanatosha kummaliza mtoto wa miaka miwili wakati mama amegeuka kupuliza moto. Wavu wa kuzuia ndege usiuhesabu kuwa unambeba mtoto, kwani huenda akaanguka akanaswa chini yake. Weka uzio unaofika kifua cha mtu mzima, na mlango wenye komeo la juu.

Utaratibu wa kazi

Kwa anayeanza, mpangilio wangu ni huu. Chimba ukiwa na ukingo wa mkato. Simamisha nguzo na uzio kabla ya kutia maji. Tia maji, yaache yageuke kijani. Funga wavu, au tundika kizimba kama wavu wote haujapatikana. Hapo ndipo upige simu kuagiza vifaranga. Kama pesa zinatosha vifaranga 450 bila wavu, au vifaranga 250 pamoja na wavu, chukua hao 250. Wavu utabaki msimu ujao, na vifaranga walioliwa hawarudi.

Wenye vidimbwi tayari, wakati mzuri wa kufunika ni kabla ya kiangazi cha Januari hadi Machi. Vijito na madimbwi ya porini yakikauka, ndege wote hutafuta maji yaliyobaki, na yaliyobaki huwa ni ya uani kwako. Afisa wa uvuvi wa kaunti yako anaweza kuja kukutazamia ukingo na maji, mwite kabla ya kutumia pesa. Na majirani wawili watatu wenye vidimbwi wakinunua wavu wa roli moja kwa pamoja, wakaugawana, kila mmoja hulipa kidogo kuliko angelipa peke yake.